Sifa ya Baba, Dhima ya Mwana

Katika maswali ambayo dini na akili humletea mtu mzima, lipo moja ambalo kwa nje huonekana jepesi, na aghalabu hupita bila ya kujibiwa kwa sababu kila mtu hudhani kuwa moyo wake umekwisha kulijibu: je, mwana wa mtu mnyenyekevu ana haki ya kuona fahari baba yake anaposifiwa mbele za watu kwa kazi yake? Nasema mtu mnyenyekevu kwa kusudi, kwa kuwa baba apendaye sifa hamtii mwanawe katika taabu yoyote ya fikra. Yeye mwenyewe huongoza shangwe, na mwana hana kazi ila kuifuata. Lakini baba aliyeishi miaka yake yote akiikwepa sifa, akawalea watoto wake katika itikadi ya kwamba kazi ni amana na hutendwa sawasawa hata pasipokuwa na jicho la kuitazama, humwachia mwanawe fumbo gumu siku sifa inapomjia bila ya kuitafuta. Mwana akishangilia kwa sauti huonekana kuivunja adabu aliyolelewa nayo, na akinyamaza huonekana mchache wa shukrani.

Fumbo hilo lilinifika kwa sababu ya Mei Mosi. Siku hiyo, ambayo chimbuko lake ni wafanyakazi wa Chicago waliogoma mwaka 1886 wakidai siku ya kazi isiyozidi saa nane, imekuwa katika nchi yetu siku ya madai na siku ya tuzo kwa pamoja: vyama vya wafanyakazi hupeleka malalamiko yao mbele ya serikali, na kila idara, kiwanda na shirika huwataja hadharani wale iliowaona kuwa wafanyakazi hodari. Hapa Mwanza siku hiyo huadhimishwa kwa maandamano ya watu waliovaa fulana na kofia za rangi za idara zao, wakipita na mabango yao mbele ya jukwaa la wageni wa heshima. Mwaka 2021 sherehe za taifa zima zilifanyika hapa, katika uwanja wa CCM Kirumba. Katika Mei Mosi moja, isiyokuwa hiyo ya kitaifa, jina lililotajwa lilikuwa la baba yangu, fundi wa mitambo katika vyombo vya Ziwa Victoria. Alikwenda mbele na ovaroli yake iliyofuliwa na kupigwa pasi, akapokea cheti na bahasha kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akarudi mahali pake katika mstari.

Nyumbani majirani walikuja kumpongeza, Waislamu kwa Wakristo, Wasukuma, Wahaya, Wakerewe na Wajita, kama ilivyo desturi ya mitaa yetu inayopanda katikati ya mawe ya vilima. Walipoondoka nilimwomba idhini nikitundike kile cheti ukutani, mahali atakapokiona kila mgeni aingiaye. Akaniambia, "Mwanangu, ile meli haikwenda kwa mkono wa mtu mmoja. Ukikitundika hapo, wenzangu wakija kunijulia hali watalitafuta jina lao wasilione." Kisha akakitia katika sanduku la bati, pamoja na hati ya kiwanja na kadi zetu za kliniki, akafunga. Sikumjibu neno, maana katika malezi yetu mtoto habishani na baba yake juu ya jambo la baba mwenyewe; lakini moyoni niliona kuwa mambo mawili ya haki yamekutana na hayapatani, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiyatafutia suluhu.

Ili msomaji ajue uzito wa kila upande, inafaa kwanza azingatie kazi ya fundi wa namna hiyo ilivyo. Abiria apandaye meli katika bandari ya Mwanza Kaskazini, akienda Bukoba kwa safari ya usiku au akielekea Nansio, humwona nahodha, humwona mkata tiketi, huwaona mabaharia wanaofungua kamba, fundi hamwoni. Yeye yuko chini, mahali penye joto na ngurumo ambamo watu husemezana kwa ishara za mikono, na kazi yake ni kusikiliza: sauti ya mtambo ikibadilika kidogo, pampu ikisukuma kwa uzito usiokuwa wa kawaida, au bomba likitoa tone moja pasipostahili tone, lazima ajue kabla ya mtu mwingine yeyote kujua. Akifanikiwa, jambo lililokuwa litokee halitokei, na kwa kuwa halikutokea hakuna awezaye kulishuhudia. Ustadi wake wote huishia katika safari ambayo abiria wameshuka, wamechukua mikungu yao ya ndizi, na wameisahau.

Watu wa ziwa hili hawahitaji kufundishwa thamani ya safari inayosahaulika. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, na mamia ya roho zikapotea karibu na nchi kavu. Makaburi ya Igoma yamehifadhi wengi wao, na hakuna ukoo mkubwa wa Bukoba wala wa Mwanza usiokuwa na jina la kulitaja kwa huzuni. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 200 wakafa. Misiba kama hiyo huandikwa katika magazeti ya dunia nzima. Lakini nani aliyeandika habari za maelfu ya safari ambazo chombo kiliondoka na kikafika? MV Victoria, iliyoletwa vipande vipande kutoka Scotland na kuunganishwa Kisumu, ilianza kuvuka ziwa hili mwaka 1961, na baada ya ukarabati mkubwa ilirudi majini mwaka 2020. Umri mrefu wa namna hiyo haukujaaliwa na chuma peke yake. Ulitunzwa, zamu kwa zamu, na watu ambao majina yao hayakuchongwa mahali popote, na ambao wengi wao hawakuudhika kwa hilo.

Hapo ndipo penye nguvu ya hoja ya baba. Kazi ya aina hiyo humfinyanga mtu akaizoea siri, na siri ikikaa muda mrefu pamoja na uaminifu huzaa ikhlasi, nayo ni kutenda jambo kwa ajili ya Mungu na kwa ajili ya haki ya jambo lenyewe. Dini zote mbili zilizoenea katika mwambao wa ziwa letu zinaihifadhi sifa hii kwa wivu mkubwa. Luqmani wa Qurani, katika wasia aliompa mwanawe, alimkataza asiwageuzie watu shavu kwa dharau, wala asitembee juu ya ardhi kwa majivuno. Na Yesu, katika Injili, aliwafundisha wafuasi wake kwamba atoaye sadaka asiache hata mkono wake wa kushoto ujue litendwalo na wa kulia. Mwanadamu akiisha kuonja utamu wa kutazamwa, kazi yake huanza kuwa na mabwana wawili, na siku macho ya watu yanapogeuka upande mwingine, mikono nayo hulegea. Yeyote aliyefanya kazi chini ya msimamizi ajuaye tofauti ya watu wanavyotenda akiwapo na wanavyotenda akiwa ameondoka, hataidharau hofu hii.

Walakini dini zile zile hazikuamuru kuwa wema ufichwe daima. Injili hiyo hiyo inataka nuru ya watu wema iangaze mbele ya wengine, ili wakiyaona matendo mema wamtukuze Mungu; na imepokewa kwa Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, kwamba aliulizwa juu ya mtu atendaye jambo jema na watu wakamsifu kwalo, akajibu kuwa hiyo ni bishara njema aliyoharakishiwa muumini. Imamu Ghazali, aliyechunguza maradhi ya riya, yaani kutenda ili watu waone, kwa uangalifu wa tabibu katika kitabu chake kikubwa cha kuhuisha elimu za dini, hakukataza kila furaha inayotokana na sifa. Alieleza kuwa mtu aweza kufurahi kwa haki akiona kuwa Mungu amemsitiria mabaya yake na kuyadhihirisha mema yake. Au akitarajia kuwa aliyemsitiri hapa atamsitiri na akhera. Au akitumaini kuwa wengine wataiga. Au akiwafurahia wale wenyewe waliosifu, kwa kuwa kusifu kwao wema ni dalili kwamba wanaupenda. Furaha iliyo haramu kwake ni ile ya kupenda jaha, yaani kutaka cheo ndani ya nyoyo za watu ili watu wamtumikie mtu na kumtanguliza.

Mafunzo haya yanamhusu mwenye kusifiwa. Mwana ana hali yake peke yake, na nadhani ufunguo wake haupo katika elimu ya maradhi ya moyo, upo katika sheria ya ushahidi. Mafakihi wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya pwani yetu na ya Waislamu wengi wa bara, hawakubali mbele ya kadhi ushahidi wa mwana kwa manufaa ya baba yake. Dhidi ya baba unakubaliwa. Kwa faida yake haukubaliwi, kwa sababu ya tuhuma ya mapenzi. Naye mtu hawezi kujishuhudia mwenyewe. Hata Yesu, katika Injili ya Yohana, anasema kuwa kama angejishuhudia mwenyewe ushahidi wake usingekuwa wa kweli, na kwamba yuko mwingine amshuhudiaye. Tazama basi jinsi mtu mnyenyekevu alivyozungukwa na ukimya. Yeye mwenyewe hasemi, kwa murua wake. Mkewe na watoto wake, ambao ndio wanaojua saa alizoondoka alfajiri na saa alizorudi usiku, ambao ndio walioyaona majeraha ya mikono yake na kusikia mawazo yake juu ya mtambo uliokuwa ukimsumbua, wakisema hawasadikiwi, maana kila mtoto humsifu baba yake. Ujuzi mwingi kuliko wote umewekwa kwa mashahidi wasiokubalika.

Ndiyo maana siku ile wageni wanaposimama na kusema, tena wageni wasiokuwa na damu naye wala deni kwake, mambo yale yale ambayo mwana ameyajua tangu utoto wake, furaha impatayo mwana haifanani na kiburi. Ni furaha ya shahidi aliyezuiwa kusema muda mrefu, ambaye hatimaye amesikia watu waadilifu wakiithibitisha kauli yake. Mwana huyo hakuongezewa chochote na cheti. Hakupandishwa cheo, hakulipwa mshahara, hakujifunza kitu asichokijua. Alichopata ni kuona kwamba ukweli aliokuwa akiutunza ndani ya nyumba umetoka nje, ukasimama kwa miguu yake, na ukaheshimiwa. Mtu ambaye hawezi kufurahi ukweli unapodhihirika ana upungufu katika mapenzi yake ya ukweli, hata kama upungufu huo ameuvika kanzu ya unyenyekevu. Kwa hiyo nasema bila ya kusita kuwa fahari ya namna hii ni halali, na kitabu cha Mithali kinakuwa pamoja nami kinapowahesabu baba kuwa ni utukufu wa wana wao.

Mtu aweza kusema kwamba ukweli hauhitaji haraka, na kwamba Mungu ajuaye yote atamlipa mtenda mema, basi sifa za watu zina haja gani? Jibu langu liko ng'ambo ya maji, Ukerewe, safari ya saa chache kwa meli kutoka Mwanza. Katika kisiwa hicho alizaliwa mwaka 1896 Aniceti Kitereza, Mkatoliki aliyesomeshwa na wamisionari, mtu mtulivu ambaye aliona kuwa desturi za Wakerewe zinasahaulika, akaziandika katika hadithi ndefu kwa lugha ya Kikerewe. Aliimaliza mwaka 1945. Hadithi yenyewe ni ya mume na mke wasiojaaliwa mtoto kwa muda mrefu, na ya mume anayekataa kumwacha mkewe ijapokuwa jamaa zake wanamshurutisha. Mswada ule ulikaa bila ya mchapishaji. Mwandishi mwenyewe akaufasiri kwa Kiswahili, na ni mwaka 1980 tu, miaka 35 baada ya kukamilika, ndipo Tanzania Publishing House ilipoutoa kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka Ntulanalwo na Bulihwali. Mwaka uliofuata Kitereza alifariki dunia. Mzaliwa mwingine wa Ukerewe, Gabriel Ruhumbika, ambaye naye ni mwandishi wa riwaya, alikifasiri kitabu hicho kwa Kiingereza, kikachapishwa mwaka 2002, na leo wasomi wa nchi nyingi wanalijua jina la mzee yule.

Sina shaka kuwa Mungu aliijua kazi ya Kitereza katika kila mwaka wa ile miaka 35, na yamkini subira yake iliandikwa katika fungu la mema yake. Lakini kucheleweshwa kwake hakukuwa fadhila ya wale waliomchelewesha. Wakati mswada umelala, kizazi kizima cha watoto wa visiwani na wa Mwanza kilisoma vitabu vya nchi za mbali bila ya kujua kwamba mtu wa maji yao wenyewe ameandika kitabu kikubwa. Na mzee aliyestahili kuzungukwa na wasomaji alizungukwa na karatasi. Unyenyekevu wa mtu ni ibada yake yeye, na jamii haina ruhusa ya kuutumia kama sababu ya kumsahau. Mafunzo ya Mtume yanatuambia kuwa asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu, nami sioni njia ya kuyatii mafunzo hayo kwa kunyamaza. Kumsifu anayestahili ni deni, na deni halifutiki kwa sababu mwenye kudai ni mpole.

Hata hivyo, neno la baba juu ya wenzake halijaondoka masikioni mwangu, na kadiri nilivyolitafakari ndivyo nilivyoona kuwa halipingi fahari yangu, linaiwekea sharti. Alichokiogopa hakikuwa sifa. Alikiogopa kivuli ambacho sifa ya mmoja huweza kuwatupia wengine. Mwana aliyepata kujua, kwa sababu ya baba mmoja, kwamba kazi kubwa hufanyika mahali pasipoonekana, amepewa elimu, na elimu huleta dhima. Akipita mwalo wa Kirumba na kuwaona wanawake wanaochambua dagaa tangu alfajiri, na wachukuzi wanaobeba magunia kuyapakia katika magari yatakayoyafikisha Kongo. Akipanda vilima vya mji na kumkuta mama aketiye juani akigonga jiwe kwa nyundo hadi liwe kokoto za nyumba ya mtu mwingine. Akiingia hospitali ya Bugando usiku na kumwona mfagizi anayeosha sakafu ili jeraha la mgonjwa lisiingiwe na uchafu, hawezi tena kupita kama mtu asiyejua. Akiwapita hivyo, basi alichokuwa nacho kwa baba yake hakikuwa fahari ya haki. Kilikuwa kupenda jina la nyumba yake, nayo ndiyo ile jaha aliyoikemea Ghazali, imehamia kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto.

Na dhima hiyo huanzia ndani ya nyumba. Katika miaka yote ambayo baba alishika zamu yake, mama aliamka kabla yake, akawasha jiko, akamwandalia chai na kiporo, akatusomesha kwa fedha za mshahara usiotosha, akazikabili homa zetu katika usiku ambao mumewe alikuwa katikati ya ziwa. Lau zamu ile ya nyumbani isingesimama, ile ya melini isingesimama pia. Mei Mosi haina jukwaa kwa ajili yake. Hakuna idara yenye daftari la siku zake za kazi. Kama sheria inakataa ushahidi wa mwana mbele ya kadhi kwa sababu ya mapenzi, na kama hakuna mgeni aliyemwona mama akifanya kazi yake, basi nani atamsemea? Hapa mwana hawezi kungoja wageni. Lazima aseme, asadikiwe au asisadikiwe, kwa kuwa yeye ndiye shahidi wa pekee, na Qurani inawaamrisha wanaoamini wasimame imara katika uadilifu na watoe ushahidi kwa ajili ya Mungu bila ya kupindisha wala kuepa.

Limebaki neno moja juu ya shahidi mwenyewe. Mafakihi waliomzuia mwana kumshuhudia baba mbele ya kadhi waliweka sharti jingine linalomhusu kila shahidi, awe jamaa au mgeni, nalo ni uadilifu: mtu ajulikanaye kwa uwongo, kwa kuvunja amana na kwa kupuuza wajibu, maneno yake huanguka hata kama anayoyasema ni kweli. Sharti hili ni zito kwa watoto wa watu hodari. Wako wanaosimulia habari za baba zao kwa machozi, wakati wao wenyewe huchelewa kazini, huiba muda wa mwajiri, na humaliza kazi nusu wakijua kuwa hakuna atakayefungua kuitazama. Simulizi zao humdhuru marehemu au mzee wanayemsifu, maana wasikilizaji hujiuliza ni mafunzo gani yaliyotoka katika nyumba ile. Mwana anayetaka sifa ya baba yake iaminiwe na ienee ana njia moja iliyo wazi, nayo haihitaji ukuta wa kutundikia kitu: afanye kazi yake mwenyewe, iwe ya darasani, ya shambani, ya ofisini au ya majini, kwa namna ambayo mtu akimjua yeye kwanza, kisha akasikia habari za baba yake, ataziamini bila ya kuomba cheti.